Kikohozi cha Redio

Juzi hapa Mokowe mjukuu wangu alifungua redio ikakwaruza, nami nikaruka kutoka jikoni, unga mikononi, nikaizima. Watoto walicheka. Hawajui, nawe hujui; basi nikueleze.

Nilikulia Chundwa kwa nyanya, miaka ile ya mashifta, wale waasi wenye bunduki, watu wa vijiji vya ng'ambo walipokimbilia visiwani. Jirani yetu alikuwa mmoja wao. Alitoka Mkokoni. Mumewe alimpakia mashuani, akabaki nyuma kukusanya mbuzi wao, asionekane tena. Kwa kuwa hakuna aliyeuona mwili, jirani alikataa kukaa eda. Kila jioni alipika wali wa nazi wa watu wawili.

Mwalimu wetu, Mkristo kutoka bara, alikuwa na mtambo wa redio wa kuzungumza na watu wa nchi za mbali, ukitumia betri ya gari. Alasiri, tukipita na ndoo za maji, tulimsikia akiita, akingoja. Msimu ule hakupata jibu la kueleweka. Alipokea mkwaruzo tu, unakuja unakatika, kama mtu anayesafisha koo apate kusema.

Siku jirani alipousikia, alitua ndoo.

"Ndiye. Ndivyo akohoavyo."

Tangu hapo akawa haondoki pale. Haifai mke wa mtu kwenda peke yake nyumbani kwa mwanamume, kwa hiyo nyanya na mimi tulimfuata. Nyanya alisuka ukili barazani, jirani akiegemeza sikio dirishani. Mimi nami nikaanza kumsikia. Wallahi, nilimsikia.

Mwalimu, asiyejua tunasikiliza nini, alihangaika na mashine yake. Siku moja alichomoa waya wa antena, na kelele ikakoma papo hapo.

"Basi ubovu hauko ndani," alisema kwa furaha. "Uko nje!"

Akaufuata waya hadi juu ya paa la mabati, akakuta kiungo kimeliwa na chumvi, upepo ukikitikisa kikisuguana. Akakikwangua kwa kisu, akakikaza. Aliporudi, sauti ya mtu wa mbali ikatoka safi kabisa.

Jirani alisimama. "Bwana mwalimu, umemzima?"

Nyanya akamweleza mwalimu yote. Mwalimu aliinamisha kichwa, kisha akapanda tena, akakilegeza kile kiungo kwa mikono yake. Mkwaruzo ukarudi. Akaishi hivyo kwa muda, hazungumzi na mtu ulimwenguni, kwa ajili ya jirani yetu.

Mpaka alasiri moja upepo ulipolala, na redio ikanyamaza. Ulipoamka, kikohozi nacho kikaamka. Jirani akautazama ule waya ukicheza juu ya bati. Alitazama sana.

"Ukaze, bwana mwalimu," alisema. "Ni upepo."

Nyanya alimshika mkono hadi nyumbani. Siku hiyohiyo aliingia eda.

Mwalimu alihamishwa, nyumba yake ikaezekwa upya. Nyanya na jirani wamelala makaburini Chundwa, karibu karibu. Yule wa Mkokoni hana kaburi popote. Katika waliokuwa wakimsikiliza nimebaki mimi, ambaye hata uso wake sikuwahi kuuona.