Walimwombea Mtu Mwingine

Mkisikia huku mtaani kwetu Buyenzi kwamba mjane wa Rajabu alichanganyikiwa siku ya arobaini, jueni mjane huyo ni mimi, na sikuchanganyikiwa. Akili zangu ninazo zote. Ilikuwa saa kumi, mchana kweupe, jua kali uani, na haya ninayowaambia niliyaona kwa macho yangu.

Mume wangu Rajabu alikuwa fundi wa magari, lakini gereji ilimpa chakula tu. Roho yake ilikuwa kwenye gitaa. Hata gereji alikuwa akiinamia injini, akafumba macho, akasema, "Hii inaimba vibaya," na kweli ubovu ulikuwa hapohapo. Kila Jumamosi alikwenda Ngagara kwa rafiki yake Fidele, Mkongomani wa Uvira, Mkristo, wakapiga muziki kwenye harusi za watu wa dini zote. Miaka ishirini! Rajabu alipoanguka, Fidele ndiye aliyembeba mgongoni hadi hospitali.

Sasa sikilizeni alichofanya Kassimu, kaka mkubwa wa marehemu. Siku ya hitima ya arobaini aliwaambia wageni wake wakubwa kwamba Rajabu aliacha muziki zamani, akawa mtu wa msikitini tu. Uongo mtupu. Fidele alikuja amevaa kanzu ya kuazima, asimwaibishe mtu, akazuiwa mlangoni. Na mimi niliyekuwa ndani ya eda, nisiyeruhusiwa kuonana na wanaume, nikasikia harufu ya vanishi kutoka uani. Nikachungulia. Shingo ya gitaa la mume wangu ilikuwa inawaka chini ya sufuria ya pilau. Kassimu ndiye aliyeamuru.

Mngefanya nini nyinyi? Mimi nilikaa chini, nikauma kanga yangu, nikanyamaza.

Wanaume walipokwenda kuswali alasiri na wapishi wakaingia sebuleni kuswali, mtu akasukuma mlango wa nyuma wa ua. Alivaa ovaroli la fundi, kofia imemfunika macho. Akaomba maji. Najua nilipaswa kumfukuza, lakini nikampa kikombe kupitia upenyo wa pazia la mlango wangu. Nikamsikia anameza.

"Mama," akasema, "huyu marehemu alikuwa mutu wa namna gani?"

Niaminini, hasira ndiyo iliyonifungua kinywa. Nikamweleza jinsi Rajabu alivyokuja kunichumbia kwa kupiga gitaa mbele ya duka la baba, mpaka baba akammwagia ndoo ya maji, naye akaendelea kupiga huku kalowa. Nikamweleza wimbo aliokuwa akimtungia binti yetu Aziza. Aziza alifariki ana miaka mitatu, na baba yake hakuweza kuumaliza ule wimbo tena. Siku zote alifika palepale, akaweka gitaa chini.

Yule mtu akaanza kuuimba, midomo kaifunga. Wimbo uleule. Akafika pale Rajabu alipokuwa akikwama, akapita, akaumaliza.

Akainua kofia. Wallahi alikuwa Rajabu, na kovu lake la maji ya moto ya injini shavuni.

"Toka asubui wananiombea," akasema, "lakini mutu wanayemuombea, mi simujui."

Mnadhani nililia? Nilimkaripia. "Wamechoma gitaa yako, we unakuja kwangu mi? Enda kwa ndugu yako!"

"Nilimwita. Apana, hanisikii. Hata zamani hakunisikia."

Akaniita kwa jina letu la wawili, ambalo sitalitaja hapa, akatoka. Nilipovuta pazia, uani hapakuwa na mtu. Kikombe alichokiacha kizingitini kilikuwa kimejaa maji mpaka ukingoni.

Nikatoka. Ndiyo, na eda yangu, hadi mbele ya wanaume waliorudi kutoka msikitini.

"Shemeji, rudi ndani," Kassimu akasema. "Uchungu umekuzidi."

"We ndiye umezidi! Rajabu alipiga gitaa mpaka wiki aliyokufa, na nusu yenu hapa mulicheza kwenye harusi alizopiga!"

Wakainamisha vichwa, wote. Nikamwita Fidele aliyekuwa bado amesimama barabarani, nikamkalisha kwenye mkeka wa mbele. Nikamwimbia ule mwisho wa wimbo. Akaniangalia. "Hii ni njia ya Rajabu," akasema. "Hakuna mwingine anapitaka hapa."

Tangu siku hiyo Kassimu hanisalimii. Ndugu zake wanasema niliongea na jini, na watoto wao wamekatazwa kuja kwangu. Pilau siwezi kuila, hata ya Idi. Nikiinusa tu natapika. Na hasira haijanitoka, msinidanganye kwamba itatoka.

Kwa hiyo nawaambia, mkimzika mtu wenu msemeni alivyokuwa. Mkimtengeneza upya ili mpendeze wageni, atakuja mwenyewe kuuliza. Na hatamwendea aliyesema uongo. Atamwendea aliyejua, akanyamaza.