Nusu Saa Niliyolinyima Tumbo

Aibu hii niliitafuta mwenyewe, na ilianza kwa maneno machache niliyomwambia binti yangu Mariamu: "Hilo litangoja, nisukume nje kwa wageni."

Niliwahi kuanguka kutoka kwenye dungu, lile jukwaa la miti tunalokaa shambani kufukuza ndege wa mpunga, nikaumia uti wa mgongo, na tangu hapo kuanzia kifuani kwenda chini sihisi kitu. Muuguzi alinieleza vizuri: "Mzee, tumbo bado linafanya kazi, ila habari zake hazifiki kichwani, kwa hivyo utakwenda choo kwa saa, usingoje kusikia haja. Na ukitokwa jasho usoni, kichwa kikigonga, ujue tumbo linakuita kwa njia nyingine." Basi kila siku saa mbili asubuhi, baada ya chai, Mariamu (mama yake alishafariki, tulibaki wawili) alinikalisha kwenye kiti cha choo kwa nusu saa.

Siku ya posa ya Mariamu wakwe walitoka Chara mapema mno, wakafika kwetu Golbanti saa mbili kasoro. Na wageni wa posa wakishaketi, baba wa binti haondoki mpaka maneno yaishe.

"Baba, waambie wangoje kidogo," Mariamu alisema. "Ni watu, wataelewa."

Niwaambie nini, kwamba mwenye nyumba ana miadi na choo? Nikakataa.

Nje nilizungumza vizuri, nisijinyime sifa, nikala wali na samaki, nikaongeza chai, jasho likaanza kunitiririka usoni nami nikalifuta kwa leso nikililaumu jua (na tulikuwa kivulini), kichwa kikagonga, nikajiambia ni furaha. Halafu ikaja harufu. Nikakunja pua, nikamwambia mdogo wangu Komora kwa sauti, "Fukuza huyo mbuzi, ameharibu hapa."

Hakukuwa na mbuzi.

"Kaka, nyamaza," Komora akaninong'oneza.

"Ninyamaze vipi, wageni wameketi kwenye uchafu?"

Mzee wa upande wa pili akatazama kiti changu cha magurudumu, kisha haraka akatazama kikombe chake. Ndipo nami nikatazama chini.

Siku ya posa binti hatoki ndani mpaka aitwe. Mariamu alitoka bila kuitwa, akanifunika kanga mapajani, akasema, "Samahanini wazee, ni saa ya dawa ya baba," akanisukuma ndani mbele ya wote. Aliniosha, akanivalisha nguo safi. Sikumwambia hata asante.

Wakwe hawakuvunja posa. Walirudi baada ya wiki mbili, wakaniulizia, nikabaki ndani, nikamtuma Komora aseme badala yangu. Siku ya harusi Mariamu alipiga magoti mbele yangu akiwa na gauni lake la harusi: "Baba, twende. Ya saa mbili tumeshamaliza, na wamekutengea nafasi mbele." Nikamwambia tumbo linauma (tumbo ambalo hata likiuma sitajua, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote). Akasimama, akajipangusa magoti, akaenda.

Sasa yuko Chara. Mke wa Komora huja saa mbili, ananikalisha, anatoka kufagia uani, nami nasikiliza ufagio tu. Nimeapa kwamba hata akija chifu, saa mbili ni saa mbili, lakini kiapo hiki kimechelewa. Wageni wale hawakunifukuza popote, nilijifungia mwenyewe. Nililinyima tumbo nusu saa, na binti yangu wa pekee akaingia kanisani ameshikwa mkono na Komora, nami sikumwona.