Lori la Bati la Wifi Saturnina

Wifi yangu Saturnina Huanca hajui kusema uongo, na hiyo ndiyo shida yake kubwa. Analima oregano kule Socoroma, kwenye vishamba vya ngazi alivyoachiwa na mama yake. Mumewe, yaani kaka yangu Leandro, ana mwaka wa kumi na tisa akiendesha malori ya watu, na mgongo umeanza kumkatalia. Saturnina anataka lori lao wenyewe kabla mgongo haujaamua. Basi Januari nilipopanda La Paz kununua mashali ya kuuza Arica, akanifuata kwenye soko la Alasitas, siku ambayo watu hununua vitu vidogo vidogo vya yale wanayoyataka mwaka huo: nyumba ya plasta, cherehani ya bati, cheti cha chuo kikuu, kidogo kama stempu. Ukinunua saa sita kamili ya mchana, na kikafukizwa, kikubwa chake kitakuja. Mimi nilinunua mashali.

Saturnina alinunua lori la bati, urefu wa kiatu. Muuzaji akamwambia lori tupu huita safari tupu, akamwongezea magunia matano ya ukubwa wa kidole gumba, ya maharage na kinoa. Nilimshusha bei mpaka theluthi, kwa sababu hata upuuzi una bei yake. Kisha yatiri, mzee wa kufukiza, akalipitisha lori kwenye moshi, akalinyunyizia pombe na maua ya manjano, akamwonya asiliite kichezeo mpaka lifike nyumbani. Ukikiita kichezeo, alisema, kitabaki kichezeo.

Hapo ndipo ningemnyang'anya wifi kalamu, kabla hatujafika kwenye fomu za mpakani.

Kesho yake basi letu lilifika mpakani Chungará mvua ya mawe ikipiga. Kila abiria hupewa fomu ya forodha na karantini: una mbegu, matunda, nyama, mnyama? Upande wetu wa Chile hakuna mzaha na mbegu. Chungwa lililosahaulika mkobani hukutoza faini. Fomu yangu mimi huijaza nusu dakika. Saturnina aliandika mistari saba. Sikuitazama, nilikuwa nalinda mabunda yangu yasilowe.

Mezani palikuwa na afisa kijana, jina lake kifuani Iturra, mtu wa kusini kwa lafudhi yake. Akasoma fomu, akachungulia dirishani, akasoma tena.

"Mama, hili lori la tani kumi umeliegesha wapi?"

"Ninalo hapa."

Akafungua mbeleko yake juu ya meza. Iturra akacheka, na mimi nikashukuru, nikadhani yamekwisha.

"Basi, mama. Futa hapo, andika kichezeo, nenda zako."

"Siyo kichezeo."

"Ni nini sasa?"

"Si nimeshaandika? Ni lori."

"Wifi," nikamwambia, "mwambie ni kichezeo tupande basi. Watu wanaganda."

"Wewe mwambie mashali yako ni matambara, tuone."

Iturra, bado akitabasamu, akasema gari likiingia nchini hupita dirisha la magari, tena na kadi yake. Saturnina akaingiza mkono kifuani, akatoa kadi ya gari, ndogo kama ukucha, na muhuri juu yake. Pale Alasitas hata hizo huuzwa. Na bima alikuwa nayo.

Utingo wa basi letu akaingiza kichwa mlangoni. "Mwenye lori ni nani? Dereva anauliza kama linatufuata au linatangulia."

Foleni nzima ikacheka. Saturnina hakugeuka.

Iturra aliacha kutabasamu alipokata uzi wa gunia la kwanza. Nadhani alitegemea mchanga. Yakamwagika maharage manne, halisi, mazima. Gunia la pili, kinoa na maganda yake.

"Hizi zinaota, mama. Zikiwa na mdudu, bonde zima la Azapa litalia. Naziteketeza, pamoja na hayo maua. Lori chukua."

"Tupu?"

"Tupu."

Saturnina akaweka kiganja juu ya lori. "Basi narudi La Paz nalo. Leandro hatapewa lori la kwenda tupu na kurudi tupu."

Kurudi La Paz! Mtu mzima, amesimama kwenye baridi ile, anabishana juu ya maharage manne. Lakini mimi nafanya biashara tangu nina miaka kumi na miwili, na najua mtu asiposhuka bei, badilisha bidhaa.

"Wifi, lori likifika mwisho wa safari hufanya nini?"

"Hushusha."

"Basi shusha. Huyu ndiye mpokeaji."

Akafikiri. "Mpokeaji husaini."

Iturra akasema fomu yake ina mstari mmoja tu, umeshachapwa: mazao yaliyokamatwa na kuteketezwa. Saturnina akasema lori ambalo shehena yake imeteketea hakuna tajiri atakayelipatia kazi tena. Nikageuza ile fomu, nikamwonyesha kijana chini kabisa, mahali pa maelezo, peupe.

"Sheria inakukataza kuandika hapa?"

"Hainikatazi, lakini..."

"Na hawa abiria arobaini, ukimaliza na wifi yangu ndipo waanze wao?"

Aliitazama foleni, kisha akaandika: magunia matano yamepokelewa, yamekamilika. Saturnina akamwambia aongeze kwamba yalikuwa makavu. Akaongeza. Akasaini, akagonga muhuri, naye wifi yangu akamkabidhi gunia moja moja kama karani wa ghala, mpaka la tano.

Ndani ya basi tulipokewa na miguno. Nikakaa, nikafumba macho.

"Wifi," akasema. "Haliwezi kuingia Socoroma tupu."

Nikamwambia sitaki kusikia neno lori mpaka Pasaka. Alilipakata, akalifuta matone kwa upindo wa sketi, na kila kona iliyolitikisa akalishika kwa mikono miwili. Tulipoanza kuteremka nilifungua bunda langu, nikatoa shali lenye doa, ambalo kwa vyovyote nisingepata zaidi ya nusu bei, nikakata pembe kwa mkasi.

"Hii ni shehena yangu," nikamwambia. "Ifike kavu."

Akaikunja, akaipakia, akajaribu kufunga bodi la nyuma. Likagoma.

"Umezidisha uzito, wifi. Punguza."

Nikautoa mkasi tena.