Mchicha wa Nyuma ya Uzio

Juzi nilikuwa na shughuli Grand Prairie, na gari, naapa, likanipeleka lenyewe hadi mtaa tuliokulia. Nyumba yetu haipo. Lile jalala la sumu lililokuwa nyuma ya uzio sasa ni uwanja wa nyasi, na kilichobaki ni mabomba mafupi yenye kufuli, vile visima vya kupimia kama sumu imeingia kwenye maji ya ardhini. Nikasimama pale nikitabasamu kama mwehu.

Wewe uliyekulia kwingine usinihurumie. Kemikali zilitupwa pale zamani, na sisi tulihamia kazi ya kusafisha ikiwa imepamba moto: malori yakibeba udongo kutwa, sahani zikitetema kabatini. Nilizipenda kelele zile. Mama akishinda hospitali kazini, na Bibi, aliyekuja kutoka Mombasa kutulea, akilima mchicha na bamia.

Kila baada ya miezi michache alikuja mpima maji, mzee mrefu wa hapahapa Texas. Kabla ya kujaza vichupa vyake alivuta kwanza maji mengi yaliyotuama kisimani na kuyamwaga kwenye pipa. Bibi, aliyezoea kupanga foleni ya maji, hakuvumilia. "Mwambie hiyo israfu!" Mkalimani nilikuwa mimi, miaka tisa, na maringo ya kazi hiyo usiseme.

Siku moja yule mzee akachota na udongo wa bustani yetu akaupime, akaniomba nimwambie Bibi asipike mboga zile mpaka majibu yarudi. Nikamtazama Bibi na ungo wake wa mchicha, uso umemchangamka. Nikashindwa. "Anasema bustani yako nzuri," nikamwambia.

Jioni mchicha wa nazi ulinukia nyumba nzima. Mimi nikadai nimeshiba. Bibi akamega tonge la ugali, akachovya, akalipeleka kinywani mwa mdogo wangu, ambaye hata meno hayakuwa yametimia.

"Bibi, usimpe! Alisema tu-wait mpaka results zije!"

Hakunipiga. Alimwaga sufuria yote, akanawa, akanikalisha karibu yake. "Njia ya mwongo ni fupi," akasema. "Yako, alhamdulillahi, imekuwa fupi zaidi." Tukala mayai.

Wiki zile zilikuwa ndefu. Bibi alikwenda bustanini kila asubuhi, mikono nyuma, akitazama tu. Nilijiona mkosaji kuliko waliomwaga sumu.

Majibu mpima maji aliyaleta mwenyewe, ingawa posta ingetosha. Udongo wetu ulikuwa salama. Bibi akaigeuza karatasi pande zote mbili, akasema hajui kuisoma, na mkalimani wake siku hizi haaminiki. Akamweka mzee wa watu kwenye kiti cha plastiki, akachuma, akapika, akamletea sahani. "Akila yeye, mjukuu wangu atakula."

Hilo nililitafsiri neno kwa neno. Mzee akavua kofia, akala, akaomba aongezwe. Ndipo Bibi akampakata mdogo wangu na kumlisha.

Bibi hatunaye tena, na majirani wametawanyika, wengine Katy, wengine Pearland. Yule mtoto wa tonge sasa ana futi sita na afya ya kuringia. Mpima maji sikumwona tena tulipohama. Nilimfikishia shukrani za Bibi, nikamfikishia za Mama. Zangu sikuwahi kumpa.