Ampli Mbili za Bulonza

Kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana yake ya spika mtaani Kadutu, Bulonza husugua kidole gumba na cha shahada kando ya sikio la kulia, kisha la kushoto. Halafu hutia ufunguo kwenye kufuli.

Kwa miaka mingi amewaambia wateja neno moja: spika nzuri ya sebuleni haitoshelezwi na ampli moja, yaani kikuza sauti kimoja. Unang'oa vibamba vya chuma vinavyounganisha njia mbili za sauti mgongoni mwake, ampli moja inalisha besi, ya pili inalisha sauti nyembamba. Nyumba nyingi za mtaa wa Muhumba zilifungwa hivyo kwa sababu yeye alisema.

Mwaka huu Papa Delphin, mmoja wa wateja wake, alijenga chumba cha kutazamia filamu. Guy, fundi kijana, akamwambia ampli ya pili ni pambo. Delphin akawaita wote wawili Jumapili baada ya misa, mbele ya wageni. Mwenye masikio ndiye angepata kazi: Bulonza atambue kwa kusikia tu kama ni ampli moja au mbili.

Guy alijifunza ufundi kwa Bulonza miaka sita. Ndiye aliyekaa nyuma ya pazia, kwenye waya. Kanda ya kwaya ikaanza.

"Muzee, iko moja ao mbili?" Delphin akauliza.

Bulonza alifumba macho. "Moja. Imekauka."

"Na sasa?"

"Aa, sasa ni mbili! Munasikia vile bamama ba juu banatoka? Utamu!"

Wageni wakatazamana. Kwaya ilisikika kama imefunikwa blanketi. Mke wa Delphin akaziba mdomo kwa kitenge.

Guy akatoka akining'iniza waya. "Patron, waya ya sauti za juu iko mu mukono yangu. Bale bamama baliimbia wapi, mu kichwa yako?"

Chumba kizima kikacheka.

"Guy, ulijua," Bulonza akasema.

"Kila asubuhi nilikuona na vile vidole, unajipima masikio. Sikuuliza hata siku moja."

"Pole, muzee," Delphin akasema. "Lakini siwezi kumupa kiziwi chumba ya kusikia. Kula kwanza."

Akapewa sahani ya wali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Akala peke yake kwenye kochi, huku Guy akipima kuta.

Jumatatu mimi, niliyekuwa miongoni mwa wageni wale, nilimkuta mlangoni pa karakana, vidole vikiwa sikioni. Nilikuwa na swali moja tu.

"Papa Bulonza, ile ampli ya pili inaongeza kitu kweli?"

"Sijui, mutoto wangu. Iko miaka ine sisikie tena sauti za juu."