Bidoni Niliyodhani Ni Ngoma

Nilikosa mimi, hakuna mwingine. Naomba mnisikilize hadi mwisho, kisha mnitukane mtakavyo, maana nimechoka kuitwa mtu mwema.

Miaka ile ya vita tuliishi mlimani juu ya Nyamitaba, tukilima viazi na maharage. Watu wenye bunduki walikuja wakati wowote, kwa hiyo sisi vijana tulipangiwa zamu ya ulinzi. Kila kilima kilikuwa na mlinzi mmoja na bidoni tupu, dumu la kuchotea maji. Wa kilima cha mbele akiona wanapanda, anaigonga kwa fimbo. Wa nyuma yake akisikia, naye anagonga yake, hivyo hivyo mpaka kijijini. Hapo kila mtu anakamata watoto wake na kukimbilia msituni.

Kwetu nyumbani bidoni ile ilikuwa uhai wenyewe. Mama yangu alikuwa amevunjika nyonga, hatembei. Tipoyi, machela yake ya mianzi, ilikaa mlangoni muda wote, na kaka yangu mkubwa, yaya Innocent, alikuwa amepatana na majirani wa kumsaidia kuibeba. Bidoni ikilia mapema, Mama anaokoka. Ikichelewa, basi.

Siku moja binamu yangu Bahati alifika kutoka Goma na kamyo, lori la mfanyabiashara wa Butembo. Alikuwa na redio ndogo ya kaseti, ya kutia mfukoni, na ekuteri za kuvaa masikioni. Ndani kulikuwa na albamu nzima ya rap ya Wamarekani weusi, ya zile za mwanzo mwanzo. Jamani! Sisi tulizoea kwaya na rumba. Alinisikilizisha kidogo tu, nikahisi damu inachemka.

“Niachie hiyo, kaka,” nikamwomba.

“Kesho asubui kamyo inarudi, na miye narudi nayo. Sikiliza leo ao uache.”

Na leo hiyo ilikuwa zamu yangu. Nikapanda nayo mlimani, nimeificha ndani ya koti.

Kilima cha mbele alikuwa rafiki yangu Safari. Mimi nilikuwa katikati, kati yake na kijiji. Ukungu ulikuwa umeziba bonde lote. Ukungu ukishuka kwetu macho hayana kazi, ndiyo sababu tulitegemea bidoni. Nililijua hilo vizuri kabisa, na bado nilivaa ekuteri!

Kiingereza sikukijua hata neno. Lakini yule mtu wa kwenye kaseti alikuwa hashushi sauti kwa yeyote. Sisi tulikuwa tumejifunza kuongea chinichini hata tukiwa mezani, tusije tukasikika njiani. Yeye alisema anavyotaka, kwa nguvu, na nyuma yake ngoma inamwitikia. Nililia, nawaambia ukweli. Nililia kwa furaha.

Nikageuza kaseti. Huko upande wa pili, katikati ya wimbo mmoja, ikaingia ngoma nyingine, kavu, ya mbali kidogo. Ko, ko, ko. Niliipenda kuliko zote! Nikasema moyoni, hawa watu wanajua kazi. Nikaanza kuipiga pamoja nao kwa kiganja juu ya goti, kichwa kinatikisika. Bidoni yangu ilikuwa imelala miguuni.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia albamu ile. Sikujua kipi kimo na kipi hakimo.

Kaseti ilipokwisha nikavua ekuteri, nikasikia risasi. Zilikuwa nyuma yangu, upande wa nyumbani.

Nilipofika, tipoyi ilikuwa bado mlangoni. Wabebaji walikuwa wamekimbia na watoto wao, na siwalaumu. Yaya alikuwa shambani bondeni, hakuwahi. Mama alikuwa ametambaa mpaka kwenye kabichi zake. Hapo ndipo walipomkuta, na hapo ndipo tulipomzika.

Yaya alinishika mabega. “Bidoni ililia? Nambie, ulisikia bidoni?”

Ningesema hapo! Ee Mungu, ningesema hapo hapo!

“Hapana, yaya. Sikusikia kitu.”

Basi lawama yote ikamwangukia Safari. Tulipokimbilia kambi ya wakimbizi ya Kashuga, alizunguka na bidoni yake iliyopasuka akimwonyesha kila mtu. “Muangalie! Niligonga mupaka ikapasuka!” Watu wakamwambia ameipasua mwenyewe kwa kuficha aibu. Waliacha kumkaribisha kuota moto. Alinitazama mara moja tu, akingoja niseme neno. Nikainama kufunga kamba ya kiatu.

Akaondoka kwenda Walikale kuchimba mawe ya bati. Tuliambiwa shimo liliwafunika yeye na wenzake. Hata mwili haukurudi.

Miaka ilipita. Nikapita dukani Goma, nikasikia albamu ile ile inapigwa. Nikasimama mlangoni, nikangoja wimbo ule. Ulipigwa mpaka mwisho. Ko, ko, ko haimo. Haikuwahi kuwamo.

Mama wa Safari bado yuko Kashuga. Namchotea maji, namkatia kuni. Juzi alinishika mkono akasema, “Weye uko na roho muzuri, mutoto yangu. Lakini Safari wangu hakukuwaka muongo.” Nikaitikia, “Ndiyo, Mama,” nikachukua bidoni ya maji nikatoka. Nimejaribu mara nyingi kumwambia. Mdomo haufunguki, na sidhani utafunguka.

Ninyi mnaosoma, mkipewa kulinda watu, acheni masikio yenu wazi. Na ukikosa, sema siku ile ile, kabla mwingine hajabeba kosa lako na kwenda nalo shimoni. Mimi nimechelewa. Sitafuti msamaha, wa kunisamehe hayupo.

Ila yaya, kama haya yatakufikia huko uliko, lile swali lako nalijibu leo. Bidoni ililia.