Maombi Niliyokataa Kuyafuta

Wakati wa vita nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya Juba iliyopeleka dawa kwenye zahanati. Muuguzi alituma ombi kwa simu, mfamasia wetu akalipitisha, ndipo kibali cha stoo kikachapwa. Bila kibali hicho, hata pakiti moja ya dawa haikutoka.

Jumapili moja wakubwa wetu wa Nairobi walisasisha programu ya seva. Jumatatu asubuhi maombi yote yaliyokuwa njiani yakawa yamekwama. Mfamasia alibonyeza mpaka kidole kikamchoka, hakuna kilichosogea. Nikajaribu ombi jipya, likapita bila shida. Yaliyogoma ni ya zamani tu.

Nilimpigia mhandisi mkuu huko Nairobi. Alisema niyafute yote, wauguzi watume upya. Nikamweleza kwamba mapigano yalikuwa yamekata mtandao upande wa magharibi, na muuguzi wa zahanati ya Gurei, huko huko magharibi, alikuwa ameomba dripu na dawa za malaria muda mfupi kabla simu hazijazimika. Hakuwa na njia ya kutuma tena, na mfumo haukuruhusu mtu mwingine amwombee. Mhandisi akajibu kwamba hilo si tatizo la seva.

"Sifuti," nikamwambia. "Ukitaka, njoo Juba ufute mwenyewe."

Simu ikakatika. Sijui kama ni yeye au ni mtandao. Mtunza stoo, mama wa mtaa wa Kator aliyerudi kutoka uhamishoni Uganda, alikuwa mlangoni na amesikia yote. Akavuta kiti, akaketi karibu yangu.

"Binti yangu, mimi iko hapa na funguo," alisema. "Wewe tengeneza. Mimi haendi."

Nikasoma kumbukumbu za seva mstari kwa mstari. Kwenye saa sita mchana nikaona kosa. Kila ombi hufuata utaratibu uliokuwepo siku lilipotumwa, na waliosasisha walikuwa wameufuta ule wa zamani wakaweka mpya. Maombi yalikuwa yakingoja hatua ambayo haipo tena. Nikautoa utaratibu wa zamani kwenye nakala ya akiba, nikaurudisha kando ya mpya, kisha nikayaamsha maombi moja moja, la Gurei likiwa la kwanza.

Mfamasia akalipitisha, printa ikaguruma. Mama akachukua kibali kikiwa bado na joto, akakisoma mara mbili, akasema, "Khalas, imekwisha," akaenda kufungua stoo. Maboksi yaliondoka barabara ikiwa bado wazi, na jioni dereva akarudi na daftari lenye sahihi ya muuguzi wa Gurei.

Wiki mbili baadaye niliitwa kusaini barua ya onyo kwa kukaidi amri. Meneja wetu, mtu mpole, aliniomba nisaini tu, mambo yaishe. Nikasaini. Chini ya jina langu nikaongeza: "Nimeisoma. Nikiambiwa tena nifute, sitafuta."

Aliisoma, akaiweka kwenye faili.